Vocha Zilizopokelewa kwa Niaba Yetu

Waliokula vocha zetu ni hawa. Wa kwanza ni mwenyekiti wa kitongoji chetu, ambaye ni shemeji yangu, mdogo wake marehemu mume wangu. Wa pili ni mwenyekiti wa kijiji, aliyegonga muhuri huku anajua. Wa tatu ni wakala wa pembejeo wa Kibiti mjini, aliyezinunua kwa bei ya kutupa, kisha akazipeleka serikalini kudai bei kamili. Majina yao siandiki. Si kwamba naogopa, umri wa kuogopa nimeshauvuka. Wa kwetu hawana haja ya kutajiwa, na hao watatu wakisomewa haya watajijua.

Nilisoma hadi darasa la nne, kwa hiyo nitaeleza kama nilivyoona, siyo kama ilivyotangazwa redioni. Redioni walisema serikali imetoa ruzuku kwa wakulima. Ni kweli ilitoa. Ila wewe jiulize siku ya kutoa nani alikuwepo. Mkulima wa bonde la Rufiji hakuwepo, na hakuwepo kwa sababu alikuwa analima.

Makazi yetu yako juu, kwenye kichanga, tangu wazee wetu walipohamishwa bondeni wakaambiwa mto utawamaliza. Mashamba yakabaki chini, ng'ambo ya mto, kwenye tope jeusi ambalo mto wenyewe hulileta kila mwaka. Mpunga ukianza kutoa masuke, unafunga sufuria, mkeka, chumvi na chandarua, unavuka, unahamia kwenye dungu. Dungu ni kibanda kilichoinuliwa juu ya miti, sakafu yake inapita kichwa cha mtu mrefu. Unapika huko, unalala huko, unapiga debe huko kufukuza ndege na nguruwe na ngedere, mpaka siku ya kuvuna. Watoto wa shule unawaacha juu kwa bibi yao. Miezi hiyo ukipita kijijini unawakuta mwenye duka, walimu, mganga wa zahanati, wenyeviti, na wazee wasioweza kupanda ngazi ya dungu. Wengine wote tuko chini.

Na dungu haliachwi. Hili watu wa mjini huwa hawalielewi, wananiambia, mama, si ungeacha siku moja tu ukaenda mkutanoni? Mashamba yetu hayana ua. Yamepangwa bega kwa bega kutoka ukingo wa mto hadi kwenye mabwawa, na nguruwe akishaingia kwa mmoja ameingia kwa wote. Shamba lililoachwa bila mlinzi sisi tunaliita mlango, na mwenye mlango hulipa. Uende msibani, uende hospitali, uende kwa hakimu, ukirudi ukakuta nguruwe wamepita kwako wakala kwa jirani, jirani utampimia mpunga wako. Nilimwona mwanamke mmoja, alikwenda kumzika mama yake, akarudi akawapimia majirani wa kulia na wa kushoto mpaka akabaki na mpunga mchanga wa kukaanga na kupondea pepeta tu. Nao walikuwa wanampa pole huku wanapokea. Hawakuwa watu wabaya. Na wao wangepimwa hivyohivyo.

Zamani, kabla ya hii ruhusa ya kila mtu kuuza na kununua, mbegu ilikuwa ikitoka ushirika. Ilichelewa, ilikuwa na wadudu, makarani walikuwa wanaiba, sisemi uongo. Lakini mtu wa ushirika alikuwa anakuja mpaka kwenye dungu kukudai, kwa hiyo alikuwa anajua dungu lako liko wapi. Ruhusa ikaja, ushirika ukafa, ghala lake likawa banda la video. Malori ya wanunuzi yakaanza kuja kwa wingi, kila mmoja na kipimo chake, na mbegu ikahamia madukani Kibiti. Mwenye pesa alinunua. Asiye na pesa alipanda aliyoning'iniza mwenyewe juu ya jiko. Tukazoea. Kisha baada ya miaka mingi serikali ikatukumbuka tena, safari hii kwa karatasi. Hizo ndizo vocha.

Habari ilitufikia mpunga ukiwa unapinda shingo. Shemeji yangu alikuja na mtumbwi, akawa anapita dungu kwa dungu akisema kwamba mkutano wa kuandikisha wakulima ni wiki ile, kijijini, shuleni, na kila mtu afike na kadi yake ya kura. Tukamuuliza nani atabaki na ndege. Akasema hilo na yeye amelifikiria. Yeye ni kiongozi, atatubebea kadi zetu, ataandikisha kwa niaba yetu, atazirudisha.

Nilishuka ngazi nikampa yangu. Aliishika akaitazama kwa mbali kama mtu mwenye macho mabovu.

"Shemeji, mbona kwenye picha umenuna hivi? Serikali itadhani unaidai."

"Naidai kweli," nikamwambia.

Jirani yangu wa dungu la pili, mwanamke mcheshi, akapaza sauti kutoka juu kwake: "Njoo chukua na yangu. Mimi nimecheka, sijui watanipa zaidi au watanipunguzia."

Tukacheka wote. Kadi zetu alizifunga kwa ukanda wa mpira wa baiskeli, akazitia kwenye mfuko wa plastiki zisilowe, akaendelea na mto. Hakuna aliyemwomba aandike chochote. Mgeni angetucheka kwa hilo, lakini nyie mnaotucheka hamjaishi na wakwe. Kumdai shemeji stakabadhi ni kumwambia mama yake amezaa mwizi. Na mama yake ndiye aliyekuwa anawalisha wanangu jioni ile ile.

Na shamba lenyewe lilikuwa lao. Hilo niliseme mapema. Nilililima kwa sababu nilikuwa mke wa mtoto wao, na alipokufa niliendelea kulilima kwa sababu hakuna aliyesema niache. Mjane wa kwetu hupewa ruhusa kwa kunyamaziwa. Siku wakifungua mdomo, imekwisha.

Tulivuna, tukapanda juu. Shemeji akaturudishia kadi, moja moja, na maneno matamu. Vocha alisema bado. "Serikali ni kama kiboko kwenye tope," alikuwa akisema, "inageuka, ila inageuka polepole." Watu walipenda sana hilo neno la kiboko, wakawa wanalirudia hata mimi nikalirudia. Mwezi huohuo akaezua makuti ya nyumba ya mama yake akaezeka mabati. Mabati mapya, yanawaka ukiyatazama mchana. Tukasema kijana anamjali mama. Siku ya mafundi mimi ndiye niliyepika wali, kwa mchele wangu mpya, sufuria mbili, na nazi niliyokuna mwenyewe. Nikawaona wanangu wanashangilia mvua ya kwanza ilivyolia juu ya bati. Walikuwa hawajawahi kulala mahali pasipovuja.

Mvua za kupandia zilipokuja tukapanda mpunga kwa mbegu zetu wenyewe. Mwaka ule mto ulikuja mapema na ulikuja na hasira. Sisi mafuriko hatuyaogopi, mpunga wetu unataka maji, unarefuka nayo. Lakini maji yale yalizidi kimo, kisha yakakataa kuondoka. Mpunga ukaoza umesimama. Watu walivuka na mitumbwi wakavuta majani ya juu, yakawa yanakatika mkononi kama mboga iliyopikwa. Miezi ile tulikula tulichokuwa nacho, na kilipokwisha tukala mbegu. Mahindi niliyoyaning'iniza juu ya moshi kwa ajili ya kupanda nilipukuchua hindi baada ya hindi, kila mara nikijiambia hili ni la mwisho.

Maji yakashuka. Wa kwetu wanajua maana yake. Mto ukishuka unaacha tope bichi, na ukiwahi kutia mahindi kwenye tope lile yataota bila mvua, hayataki palizi kubwa wala mbolea. Ndiyo mlau huo. Ni zawadi ya mto kwa mtu aliyenyang'anywa mpunga. Ila tope halingoji. Jua likishaanza kulipasua, ukitia mbegu unaipa kaburi. Kwa hiyo nilitaka mbegu ya mahindi, na niliitaka kabla nyufa hazijatokea. Sikutaka kitu kingine duniani. Nilikuwa na watoto wawili na ardhi yenye unyevu, na katikati yake palikosekana kapu moja la mahindi.

Nikasuka mikeka, nikaiuza kwa nauli, nikaenda Kibiti kwa wakala mwenyewe. Niliwaza labda vocha zimefika kwake na shemeji hajapata habari. Niliwaza hivyo kweli.

Wakala alikuwa mtu wa bara, mpole wa maneno, duka lake safi, magunia yamepangwa kama vitabu. Akanipa kiti. Nikamtajia kijiji changu, nikamwambia nimekuja kuuliza vocha zetu za mbegu.

"Mama, nyie wa huko mlishamaliza," akasema. "Mjumbe wenu alizileta zote kwa pamoja, na alama zenu za dole gumba tayari."

"Akachukua mbegu?"

"Mbegu za nini? Alichukua fedha taslimu. Alisema mmekubaliana hivyo, kwamba hamna pesa ya kuongezea."

Nikamuuliza na mbolea je. Akacheka, siyo kwa dharau, alicheka kama mtu anayekukumbusha jambo unalolijua. "Mbolea ya nini mama, nyie mna mto."

Hakuona haya hata kidogo. Alinieleza kama mwalimu: vocha ni karatasi ya kupunguza bei, siyo ya kupewa bure, mkulima lazima aongeze nusu yake mfukoni, asipokuwa nayo karatasi inaharibika, kwa hiyo wakulima wengi huwauzia mawakala na kila mtu anapata kidogo. Nikamuuliza mimi kidogo changu kiko wapi. Akasema hilo nimuulize aliyeniwakilisha. Akanionyesha mfuko wa mbegu nzuri, iliyopakwa dawa nyekundu, akanitajia bei. Nikaushika. Ulikuwa mzito kama mtoto wa mwezi. Nikaurudisha palepale nilipoutoa.

Njiani kurudi nilikuwa na maneno mengi. Nilifika jioni nikawakuta wote nyumbani kwa mkwe wangu, yeye anasonga ugali wa muhogo, wanangu wanachezea majivu, shemeji amekaa mlangoni anatengeneza nanga ya mtumbwi. Nilimsalimu mkwe kwanza. Kisha nikasema nimetoka kwa wakala.

Nilitegemea akatae. Ningejua la kufanya na mtu anayekataa. Yeye hata kichwa hakuinua.

"Shemeji, zile zilitaka mtu aongeze pesa juu. Wewe ungetoa wapi? Zingerudi wilayani zikaliwe na wa huko. Mimi nimeziokoa."

"Umeziokoa ukazipeleka wapi?"

Akaonyesha juu kwa nanga aliyokuwa ameishika. "Zihesabu. Wanao wanalala chini yake."

Nikatazama mabati. Watoto nao wakatazama, hawajui wanatazama nini. Mkwe wangu aliendelea kusonga, mwiko wake haukusita. Yule mama alikuwa anajua. Nilielewa pale pale kwamba siku ile nilipowapikia mafundi wali, alikuwa amekaa upenuni anachambua mchele wangu, na alikuwa anajua.

Nifanye nini? Nimpige mtu aliyewaezekea wanangu nyumba? Niwatoe watoto niwapeleke kwenye dungu, wakae juu ya tope na shule iko ng'ambo? Nilikaa, nikanawa mikono, nikala ugali wao.

Siku chache baadaye ikapita habari kwamba watu wa wilaya wanakuja kuhakiki. Zilikuwa zimefika kelele huko, siyo kwetu tu, tulisikia hata upande wa Ngorongo na hadi juu Mloka watu walikuwa wanauliza vocha zao. Mwenyekiti wa kijiji hakuitisha mkutano. Alipita nyumba kwa nyumba, mpole kama anayekusanya rambirambi, akasema kijiji chenye malalamiko kinaondolewa kwenye mpango, na mwakani tutawatazama wenzetu wakipokea. Kila mtu akapiga hesabu yake. Mwaka huu zimeshaliwa. Mwakani labda. Watu wakakubaliana kusema wamepokea.

Ndipo mkwe wangu aliponiita. Alikuwa peke yake jikoni. Juu ya jiko lake, kwenye moshi, kulikuwa na mafungu ya mahindi ya mbegu, meusi kwa masizi, ambayo hata miezi ile ya njaa hakuyagusa. Alikuwa mwanamke wa namna hiyo. Angeweza kukaa na njaa chini ya mbegu kama mtu aliyekaa chini ya picha.

"Yashushe," akaniambia.

Nikapanda kigoda nikayashusha. Akanisaidia kuyapukuchua, tukajaza kapu.

"Mwanangu, mbegu hiyo nimekupa. Nenda kapande. Huyo bwana wa wilaya akija, wewe nyamaza tu. Sikwambii useme uongo. Nyamaza."

Nikasema, haya mama. Nilisema kwa moyo wote, na nani asingesema? Asubuhi nikavuka. Tope lilikuwa bado laini, ukikanyaga linameza mguu hadi kifundo. Kwa kawaida mtu anatoboa shimo kwa mti uliochongwa, anatia punje, anafukia kwa kisigino, anasogea. Mimi kwa haraka na kwa furaha nilitoboa mashimo ya shamba zima kwanza, kutoka mtoni hadi mpakani, ndipo nikaanza kutia mbegu. Nilikuwa nimefika katikati nilipoitwa kwamba mgeni amefika na kila mwenye jina anatakiwa. Nikaning'iniza kapu kwenye dungu, nikapanda juu na tope miguuni.

Tulikaa darasani, watu wazima kwenye madawati ya watoto, magoti yamegusa kidevu. Bwana wa wilaya alikuwa kijana bado, ana kofia, anaita jina na kuuliza swali moja. Ulipokea? Nilipokea. Ulipokea? Nilipokea. Jirani yangu wa dungu la pili, yule mcheshi, alikuwa anaroweka ndiga mtoni ili watoto wasilewe kwa sumu yake, kwa maana walikuwa wamefikia kula mizizi ya porini. Naye akasimama akasema, nilipokea, baba, Mungu akuzidishie. Shemeji alisimama ukutani na mwenyekiti wa kijiji, amekunja mikono, anaitikia kwa kichwa kila jibu kama mwalimu wa madrasa anayesikiliza wanafunzi.

Na mimi ningenyamaza. Naapa ningenyamaza. Jina langu lilipoitwa nilisimama na nilikuwa nimeshachagua kuitikia kwa kichwa tu, wakaandike watakavyo. Lakini yule kijana kabla ya kuniuliza alifunga kalamu akaanza kutuasa. Akasema amepita bondeni kwa mtumbwi na hajaona zao la mbegu bora hata moja. Akasema, "Serikali inawapa mbegu, nyie mnakula. Ndiyo maana watu wa huku hamuendelei. Mnakula mpaka mbegu."

Nilikuwa nimekula mbegu kweli. Zangu. Nilizozipanda, nikazivuna, nikazining'iniza mwenyewe. Maneno yakatoka bila kuniaga.

"Mimi sikupokea."

Kijana akaniangalia, akafungua kalamu tena. Akaniuliza kadi yangu ya kura ilikuwa wapi wakati wa kuandikisha.

"Nilimpa shemeji yangu. Yule pale, aliyekunja mikono."

"Ulimpa mwenyewe? Hakukunyang'anya?"

"Nilimpa mwenyewe. Nilikuwa shambani nalinda."

Akapumua. Nilimwona akipumua, kama mtu aliyepata njia. "Basi, mama, uliwakilishwa. Aliyekuwakilisha akipokea, na wewe umepokea."

Mzee mmoja nyuma akasema, "Kumbe hata mimi nimeshiba bila kujua." Watu wakacheka kidogo. Mwenyekiti wa kijiji akasogea, akamwambia mgeni kwa sauti ya huruma kwamba huyu ni mjane, ana mawazo mengi. Kijana akaandika kitu, akaita jina linalofuata. Huyo aliyefuata aliposema amepokea, ikawa kama mimi sikusema.

Ila wenzangu walikuwa wamesikia. Tulipotoka jirani yangu hakunisubiri. Nilimfuata nikamwita, akageuka akasema, "Umetuchongea. Mwakani wakitunyima, nitakuja kula kwako." Hakuwa anatania. Mimi ndiye niliyeogopwa siku ile, siyo mwizi.

Nikarudi shambani moja kwa moja, sikupita nyumbani. Nilitaka nimalizie kabla jua halijachukua unyevu. Nilikuwa nimeinama nasikia mtumbwi unagusa ukingo, nikadhani ni mvuvi. Nilipoinua kichwa nilimwona mkwe wangu anakuja kwenye tope, ameinua khanga, anavuta mguu mmoja baada ya mwingine. Alikuwa hajavuka mto miaka. Nyuma yake, ndani ya mtumbwi, alikaa shemeji, ametugeuzia mgongo, anatazama ng'ambo.

Nikaenda kumlaki. Nikamshika mkono asianguke. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, maana hayo hayaachwi.

"Nimekuja kuchukua mbegu yangu," akasema.

"Nusu nimeshapanda, mama."

"Iliyobaki."

Nikamwambia, na sauti yangu ilikuwa ndogo, mama, unajua alichokifanya. Wanangu ni wajukuu zako. Vocha zile zilikuwa zao.

"Najua. Mimi si mjinga, mwanangu. Mtoto wangu ni mwizi, nimemzaa mimi, namjua kuliko bwana yule wa kofia." Alipumzika kidogo, mguu wake ulikuwa unazama. "Lakini yeye ndiye atakayenizika. Wewe bado kijana, kesho utaolewa, utakwenda. Mimi nitabaki na nani?"

Ningeweza kumkatalia, kapu lilikuwa kwenye dungu langu na yeye hakuwa na nguvu ya kupanda ngazi. Lakini dungu lilikuwa kwenye shamba lao, na watoto walikuwa chini ya bati lao, na usiku ule mimi mwenyewe ningelala wapi? Nikapanda nikashusha kapu. Akatia mkono ndani akapima kilichobaki, akatikisa kichwa, hakusema ni kidogo wala kingi.

Hakuweza kulibeba. Tope linateleza na yeye mzee. Kwa hiyo nililibeba mimi, kichwani, huku nimemshika mkono, mpaka kwenye mtumbwi. Shemeji akageuka kulipokea. Macho yetu hayakukutana. Akaliweka kwa uangalifu mahali pakavu, akamsaidia mama yake kukaa, akasukuma upondo.

Watoto waliendelea kukaa kwake. Hakuwahi kuwanyima chakula, hilo nalisema kwa haki yake, alichopika walikula. Alipokufa shemeji alimzika vizuri, kwa sanda nzuri na arobaini yenye ng'ombe. Wakati huo mimi nilikuwa nimeshaondolewa bondeni na ukoo wao, na sasa naishi Dimani kwa binti yangu, nina mihogo yangu michache na sidai mtu vocha.

Siku ile mtumbwi ulipoondoka nilirudi nilipokuwa nimeachia. Mashimo yalikuwa yametobolewa tayari mpaka mpakani, safu nzima imenyooka, yananisubiri. Nikakaa kando yake mpaka jua likaanza kuyakausha midomo. Nusu ya mahindi iliota, ikatufikisha tulikofika. Nusu nyingine ilibaki na mashimo yake, na waliopita kwa mitumbwi waliiona, hakuna aliyeuliza. Msimu uliofuata nusu ile aliilima shemeji, kwa maelezo kwamba ardhi ya ukoo haiachwi bure. Vocha zilipokuja tena, kijana wa kofia akashuka kuhakiki, na shemeji alikuwa na shamba la kumwonyesha.